Nilihubiri Nipate Nyama, Rafiki Yangu Akafungwa Upya

Jina langu msiliweke. Mke wangu anaimba kwaya, baba mkwe ni mzee wa kanisa, na wote wawili wanaamini kwamba niliokoka jela. Sikuokoka. Nilishiba tu.

Nimeona wenzangu kwenye ukurasa huu wakitubu mambo ya pombe na wake za watu. Mimi nilikosea kwa kuhubiri. Ndiyo, kuhubiri! Kuna mtu aliyekaa jela miaka mingi kwa sababu ya mahubiri yangu, na siku ile nilipokuwa nikipaza sauti na kutoa jasho, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye sufuria.

Ngoja nieleze toka mwanzo.

Mimi ni mtu wa Magharibi. Nilikuja Nairobi kijana, nikapata kibarua kiwanda kimoja cha sabuni, nikawa nakaa mtaa wa Jericho na binamu yangu kwenye chumba kimoja. Hiyo ni miaka ya sabini. Kiwandani nilikuwa natoa magunia ya sabuni ya unga kidogo kidogo, nawauzia jamaa wa Kiamaiko wanaochinja mbuzi. Wale watu wanahitaji sabuni kuliko hospitali!

Siku moja tukabeba magunia kwenye pikapu bila turubai. Mvua ikatupata. Lo! Barabara nzima ikawa povu. Watoto wakakimbia nyuma yetu wakishangilia kama tunapita na harusi. Karao, yaani polisi, hawakuhitaji mbwa wala mpelelezi. Walifuata povu tu mpaka wakatukuta tumekwama kwenye matope, weupe kama malaika.

Hakimu mwenyewe alicheka. Halafu akanifunga.

Jela nilikopelekwa siitaji jina. Kila asubuhi mnachuchumaa watano watano mhesabiwe, na mkikosea hesabu mnachuchumaa tena mpaka magoti yalie. Uji ni maji yaliyopita karibu na unga. Halafu mnaenda kuvunja mawe. Jioni ugali na maharagwe, na hayo maharagwe yana wenyeji wadogo wadogo ndani ambao mnakula pamoja nao. Nyama mara moja kwa wiki, na unachopata ni mchuzi ulioambiwa habari za nyama.

Sasa, mwenye dini jela ana faida. Hilo nililigundua haraka.

Kwanza nikawa Msabato, kwa sababu Wasabato hawakuvunja mawe Jumamosi. Nikapumzika vizuri. Ukaja mwezi wa Ramadhani, nikasikia Waislamu wa Majengo kule Pumwani wanawaletea wenzao tende na sambusa za kufuturu. Nikasilimu mchana huo huo! Nilidumu siku chache tu, kwa sababu mzee mmoja wa kwao alinikuta chooni saa sita mchana nikitafuna ugali.

Hakunipiga. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, rudi kwa Yesu. Labda yeye atakuvumilia."

Nikarudi. Na huko nikafanya vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma maandiko. Nilivyoyasoma ni hivi. Tumbaku ya jela haina karatasi ya kusokotea, na karatasi nyembamba nzuri ilikuwa moja tu, ya Kitabu Kitakatifu. Mungu anisamehe, tulivuta manabii wadogo wote. Lakini mimi nilikuwa na adabu: kila ukurasa niliusoma kabla ya kuuwasha. Ndiyo maana hata leo mwanzo wa mlango naujua kwa moyo, mwisho siujui, maana ukurasa uliofuata alivuta mwingine.

Sauti ninayo, kimo ninacho. Nikianza "Bwana asifiwe!" hata askari wa mlangoni wanageuka. Wafungwa wakaniita Mwinjilisti.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuniita hivyo kwa mzaha. Jina lake nitasema ni Mutisya, si jina lake.

Mutisya alikuwa Mkamba mrefu, mpole, mtu wa kusikiliza. Alifungwa kwa kumtwanga askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, aliyemwaga mboga za mkewe pale soko la Jericho. Kifungo chake kilikuwa kifupi, na kilikuwa kinakaribia kwisha. Tulilala bega kwa bega sakafuni. Nilipokuwa na homa alinipa blanketi lake, akakaa akitetemeka. Kwenye karakana ya jela alikuwa amejifunza kuchonga, na vidole vyake vikawa vinajua mti kuliko wale walimu wetu.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumeketi juani tukiua chawa kwenye mashati. Akaniambia, "Mwinjilisti, niombee. Kuna kitu kinanila."

"Kitu gani, ndugu?"

Akaniambia. Kabla ya mambo ya askari wa kanjo, alikuwa dereva wa lori la mchanga upande wa Machakos. Alfajiri moja, ukungu mzito, akagonga mtu aliyekuwa na baiskeli. Akasimama. Akashuka. Yule mtu alikuwa chini kando ya lami, na mkono wake mmoja ulikuwa ukisogea.

"Ulikuwa unasogea namna hii," Mutisya akasema, akanionyesha, polepole, kama mtu anayeita. "Nikaogopa. Nikarudi kwenye lori. Nikaondoka. Baadaye nikasikia alikutwa amekufa, na hakuna aliyejua ni nani alimgonga. Mwinjilisti, angeweza kupona. Mimi nilimwacha."

Nikamshika kichwa, nikafumba macho, nikaomba kwa sauti ya huzuni. Mdomo ulikuwa unaomba. Kichwani nilikuwa nasema: hii hadithi ni tamu! Huu mkono utaliza watu!

Jamani, mimi ni mtu mbaya. Niseme tu.

Wakati huo nyapara wa jikoni alikuwa amemaliza kifungo chake, na nafasi yake ilikuwa wazi. Mkubwa wa jela, mzee aliyeokoka, alitangaza kwamba safari hii jikoni atamweka mtu wa Mungu, kwa sababu watu wa dunia wanaimaliza nyama kabla haijaonja chumvi. Na akasema wageni wa misheni wanakuja Jumapili, wazungu na mkalimani wao, na Mwinjilisti ndiye atakayesimama.

Mnaelewa? Nikihubiri vizuri, jikoni ni kwangu.

Jumapili ikafika. Uwanja ukajaa kunguru, maana yake sisi wenye nguo za mistari. Wageni wakaketi kwenye viti vya ofisi. Nikaanza pole pole, nikapanda, nikapanda. Nilipoona watu wameshalegea, nikautoa ule mkono.

"Kuna mtu hapa ndani!" nikapiga kelele. "Alimwacha mwenzake kando ya barabara! Na mkono ulikuwa unasogea! Unasogea hivi! Ulikuwa unamwita! Na leo bado unamwita!"

Nikauinua mkono wangu, nikausogeza kama Mutisya alivyonionyesha.

Mkalimani alishindwa kutafsiri. Mama mmoja wa kizungu akatoa kitambaa. Mkubwa wa jela machozi yakamtiririka mpaka kwenye vifungo. Mimi nikajisemea, jikoni ni hapa!

Ndipo nikamwona Mutisya amesimama.

Katikati ya watu wote wale waliochuchumaa, yeye amesimama wima, uso umelowa. Nilitaka kumwambia kaa chini. Aki ya Mungu, nilitaka! Lakini wageni walikuwa wananitazama, na mahubiri yalikuwa yamekwenda vizuri mno. Nikanyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Mtu huyo ni mimi." Akaeleza yote, na barabara, na lori, na mahali.

Wageni wakaimba. Wafungwa wakapiga makofi. Mimi nilisimama pale mbele na mkono wangu bado uko juu, nikaushusha kama mwizi.

Sasa sikieni, kwa maana hapo jambo lilikuwa bado halijaharibika.

Mkubwa wa jela hakuwa mtu mbaya. Wageni walipoondoka, alimwita Mutisya ofisini. Mutisya mwenyewe alinisimulia. Alimwambia, "Mwanangu, mambo ya ibada ni mambo ya ibada. Watu wakishikwa na furaha husema mengi. Kesho asubuhi nitakuuliza tena. Ukisema, nitaita polisi. Ukinyamaza, mimi masikio yangu yalikuwa kwenye nyimbo."

Jioni hiyo tukiwa kwenye foleni ya kufungiwa, Mutisya akanivuta kando.

"Mwinjilisti, nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Yale maneno ya mkono. Nilikuambia mimi, na sijawahi kumwambia mwingine ila Mama Mwende, mke wangu. Uliyasema kwa sababu nilikuambia? Ama ni Mungu alikutuma kwangu?"

Nikaangalia mbele kwenye foleni.

"Nikinyamaza natoka mwezi ujao," akasema. "Mama Mwende ameshapaka nyumba chokaa. Nikisema, sijui nitatoka lini. Sasa niambie ukweli, ndugu. Kama ni wewe tu, nitanyamaza. Kama ni Mungu, nitasema."

Wakati huo huo koplo mmoja akapita nyuma yangu, akanipiga bega. "Mhubiri! Kesho asubuhi uripoti jikoni. Umetuheshimisha."

Ningesema neno moja tu. Ni mimi. Herufi ngapi hizo?

Nikasema, "Ni Mungu."

Akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi," akasema. Akanishika mkono. "Asante, ndugu."

Asubuhi yake akaenda kusaini maelezo, mimi nikaenda kula.

Nyama ya kwanza niliila nimesimama nyuma ya sufuria, moto kabisa, ikaniunguza ulimi. Sikujali. Baada ya wiki chache nilikuwa nang'aa mashavu. Siku moja nikamfichia Mutisya kipande kikubwa ndani ya ugali, nikampenyezea. Nilidhani hiyo itanisafisha kidogo. Akakifungua, akakitazama, akanirudishia.

"Ndugu, hii ni ya wafungwa wote," akasema kwa upole. "Sisi tumeokoka. Tusiibe."

Wee! Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kile kipande. Nikarudi jikoni. Kipande nikakila.

Kesi yake ikasikizwa, akaongezwa miaka. Akahamishwa jela nyingine, mbali. Mimi nikapunguziwa kifungo kwa tabia njema. Tabia njema! Nikatoka mnene kuliko nilivyoingia, na barua ya kunisifu kutoka kwa mkubwa wa jela. Kwa barua hiyo nilipata kazi, na kwa sifa hiyo nikapata mke.

Lakini nilirudi Jericho, na Jericho kuna soko, na sokoni kuna Mama Mwende.

Nilikuwa nazunguka kwa nyuma, kwa mafundi wa viatu, nisipite kwenye meza yake. Siku moja nikajisahau. Nikasikia, "Wewe! Wewe ndiye Mwinjilisti?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi. Binti yake mdogo alikuwa amelala chini ya meza juu ya gunia.

"Shikamoo mama," nikasema, ijapokuwa tulikuwa rika moja. Woga tu.

"Usinishikamoo. Unajua mimi nilijua habari ya lile lori? Nilijua tangu siku ile ile. Nilimwambia anyamaze alee watoto wake. Miaka alinyamaza, tukaishi. Halafu wewe ukaja na Mungu wako." Akaendelea kukata sukuma, haraka, bila kutazama kisu. "Mwambie huyo Mungu wako Mwende hana viatu."

"Mama, pole..."

"Nikuulize. Mtu kama wewe, na hilo tumbo. Ulikuwa unataka nini?"

Nikanunua sukuma nyingi ambazo hatukuweza kuzimaliza, nikaondoka. Tangu siku hiyo nikawa nanunua kwake kila mara, nikidhani nalipa. Alinipa mboga zilizonyauka, na mimi nikazichukua.

Miaka ikapita. Mutisya akatoka.

Alinitafuta mwenyewe. Alikuwa amepata nafasi kwenye banda moja la wachongaji kule Pumwani, akanitumia salamu niende. Nilikwenda miguu ikigoma. Nikamkuta ameketi juu ya kigogo, nywele zimeingia mvi, ameshika twiga wa mti mrefu karibu kumfikia kifua, anampiga msasa shingoni.

"Ndugu yangu!" Akaruka, akanikumbatia mpaka vumbi la mti likanijaa puani. "Asi! Umenenepa! Mungu ni mwema!"

Akaniambia yote. Mahakamani mama wa yule marehemu alimtemea mate usoni. "Nilifurahi, ndugu. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu anitemee mate." Akasema sasa analala usingizi. Akasema Mama Mwende bado hasemi naye sana, lakini chakula anampa. Halafu akasema Jumapili ijayo atatoa ushuhuda kanisani kwao, na anataka mimi nihubiri.

"Wewe ndiye baba yangu wa kiroho," akasema.

Hapo nikashindwa. Ningeweza kubeba mate, ningeweza kubeba sukuma iliyonyauka. Hilo neno baba sikuweza.

"Mutisya," nikasema, "haikuwa Mungu."

"Nini haikuwa Mungu?"

"Mkono. Nilichukua hadithi yako nikaihubiri ili nipewe jikoni. Nilitaka nyama. Uliponiuliza kwenye foleni, nilidanganya."

Nilisikia nyundo za wenzake zikigonga, tok, tok, halafu zikanyamaza moja moja.

Alimshika yule twiga miguu, akaniteremshia mgongoni.

Jamani, twiga ana shingo! Nilipigwa na shingo, nikapigwa na kichwa, nikaanguka kwenye maranda, nikapigwa nikiwa chini. Wachongaji wakaja mbio. Mmoja alipiga kelele, "Njooni muone, mtu anauawa na twiga!" Wengine walikuwa wanacheka huku wanamvuta. Mimi sikukinga hata uso. Shingo ya twiga ikakatika, ndipo akaacha.

Akaketi juu ya kigogo, anahema. Mimi nikaketi chini, damu inanitoka sikioni.

Baada ya kitambo akaniuliza, "Ilikuwa tamu?"

"Nini?"

"Hiyo nyama."

Nilifikiria kumdanganya. Nikaona nimeshadanganya vya kutosha maisha yangu yote.

"Ilikuwa tamu," nikasema.

Akatikisa kichwa, pole pole. "Mama Mwende alisema. Alisema huyo ni mtu wa tumbo. Nikamwambia asimseme vibaya mtumishi wa Mungu." Akanyanyuka. "Nenda nyumbani."

"Na Jumapili? Utawaambia nini watu?"

"Nitawaambia nilichofanya na yule mtu wa baiskeli. Hicho ni changu. Mimi ndiye niliyemgonga, mimi ndiye niliyesema. Wewe huna kitu pale ndani. Usije."

Sikwenda. Nimesikia alisimama, akasema yote, na jina langu hakulitaja, hata kwa ubaya. Nikikutana naye barabarani ananisalimu kama anavyomsalimu mtu yeyote. "Habari yako." "Nzuri." Anapita. Nilikuwa na ndugu, sasa nina mtu wa habari yako.

Nyumbani mke wangu alinikuta na plasta, nikamwambia nimeanguka ngazini. Akaniombea nipone! Kila chakula kikiwekwa mezani wanasema, baba omba. Naomba maneno machache, nafungua macho upesi. Na sasa kanisa limeamua kunifanya shemasi. Suti imeshapelekwa kwa fundi. Baba mkwe amealika watu mpaka wa nyumbani Magharibi.

Ndiyo sababu naandika. Mke wangu nitamwambia kabla ya suti kurudi. Najua atalia, najua babake atataka tuzungumze upya ng'ombe wa mahari. Wacha iwe.

Wewe unayesoma, kama mtu amekuambia siri yake juani mkiua chawa, imeze, ife na wewe. Na kama huna Mungu, si dhambi kubwa. Kaa kimya, kula ugali wako. Lakini usisimame mbele za watu ukajifanya umetumwa. Utadhani wote wanajua ni mchezo, kwa sababu wewe mwenyewe unajua. Hawajui wote. Kuna mmoja pale nyuma, amechuchumaa, na anakuamini.